Tandiko la Kitu Kizito

Ulaini ni sifa ipendwayo na watu, na katika mambo mengi yastahili kupendwa. Lakini pana mahali ambapo ulaini hutegemewa kupita kiasi chake, napo ni ndani ya makasha yachukuayo mashine nzito.

Makao yangu ni Misugusugu, katika Kibaha, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mahali hapa pamejulikana kwa kituo cha ukaguzi wa mizigo ipitayo kwenda nchi jirani, kama Zambia na Kongo. Mkazi wa hapa huona malori mengi kuliko ng'ombe, na asipokuwa mvivu wa mawazo hujiuliza yaliyomo ndani yake. Baadhi ni mashine zinazongojewa na wagonjwa.

Nilipata kushuhudia kasha moja likifunguliwa katika hospitali ya mbali. Mlikuwa na mashine ya kupimia, uzito wake kilo 100 hivi. Mbao zote zilikuwa nzima, na sponji ya godoro imejazwa kila upande. Hata hivyo fremu ya chuma ilikuwa imepinda na kioo cha ndani kimepasuka. Kasha lilikuwa limeponyoka liliposhushwa, toka kimo kisichofika kiuno cha mtu. Wagonjwa waliokwisha pewa siku ya kupimwa walirudi makwao kama walivyokuja. Aliyelifunga alijitetea kwamba sponji ilikuwa tele. Alisema kweli, lakini wingi wa sponji haukuwa ndio swali.

Kitu kiangukacho toka sentimita 60 hufika chini kwa mwendo wa mita 3.4 hivi kwa sekunde, kiwe kizito au chepesi. Yanayotofautiana ni mambo ya kusimama kwake. Kikisimamishwa katika milimita 3, nguvu inayokipiga huwa wastani wa mara 200 ya uzito wake. Kikisimamishwa katika sentimita 3, huwa mara 20 na kitu, ingawa kilele chake hupita wastani huo. Kazi yote ya sponji, basi, ni kuirefusha safari hiyo fupi. Lakini sponji haibonyei unene wake wote. Ikifika kama theluthi mbili, vijumba vyake vya hewa hulaliana, na kinachosalia ni mfano wa ubao. Sponji ya godoro iliyo chini ya kilo 100 zinazoanguka hufika hapo upesi mno, mwendo ungali haujaisha. Kinyume chake pia ni kweli, na hapa msomaji huenda akastaajabu: sponji ngumu iliyotandazwa sakafu nzima ya kasha hukataa kubonyea, kwa kuwa uzito umegawanywa mahali pengi mno. Hiyo nayo ni ubao.

Kwa mashine ile vingefaa vipande vinne vya sponji ngumu ya polithini, chini ya pembe nne, kila kimoja sentimita 16 kwa 16. Hapo kila sentimita ya mraba ingebeba karibu gramu 100. Unene usingepungua sentimita 5 au 6, ili sentimita 3 za kubonyea zipatikane. Pande nyingine zingehesabiwa kwa njia hiyo hiyo.

Mama zetu wachotao maji hawakungoja hesabu hii. Ngata ya kanga husokotwa ikakazwa. Sijaona mwanamke aliyeweka kichwani ngata teketeke chini ya ndoo iliyojaa.

Lakini ngata hulinda kichwa, wala hailindi mzigo. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi mikubwa ya kale ilichimbwa Tendaguru, ikachukuliwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha Berlin. Mingi ilifungwa katika vizimba vya mianzi. Ulinzi wake mkubwa ulikuwa shingo na nyayo za watu ambao majina yao hayakuandikwa kwa wino mzito. Mifupa ya mmoja wa mijusi hiyo ilisimamishwa katika jumba la makumbusho huko mwaka 1937. Na mwaka huo huo, katika nchi hiyo hiyo, Otto Bayer na wenzake waligundua poliuretani, ambayo baadaye ilizaa sponji ya magodoro yetu.

Sponji nayo ina udhaifu wa kuchoka. Ikikaliwa na mzigo mzito kwa majuma mengi, hasa katika joto la kasha lililofungwa, hulala polepole na haiinuki yote. Mfungaji mwangalifu hukata vipande vinene kidogo kupita hesabu, ili unene utakaopotea njiani usipunguze ule utakaohitajiwa siku kasha litakapowaponyoka makuli.