Mto Elwha: Njia ya Kurudi Nyumbani

Katika jimbo la Washington, Marekani, mto Elwha hushuka kutoka milima ya Olympic hadi baharini. Samaki aitwaye samoni huanguliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurejea kwao kutaga mayai. Mwaka 1913 ukuta wa bwawa la umeme, kilomita nane hivi kutoka baharini, ulimfungia njia. Wa pili ukafuata 1927. Wenyeji Waklallam, ambao samoni ni kitoweo chao tangu enzi za mababu, waliudai mto wao kwa miaka mingi. Serikali na watetezi wa mazingira wakaungana nao, na kufikia 2014 kuta zote mbili zilikuwa zimebomolewa. Waklallam wenyewe walijizuia kuvua kuanzia 2011 hadi 2023, samaki wapate kuzaana kwanza. Ndipo jamaa zao zikaonja tena samoni wa Elwha. Subira yao ilivuta heri.