Kompyuta Nzito: Tulianza na Memori

Wanafunzi mnazijua zile kompyuta tano za mezani ambazo madrasa yetu ilipewa zikiwa zimeshatumika. Zilikuwa nzito mno: ukifungua programu ya kuandikia pamoja na kurasa mbili tatu za intaneti, unakunywa kahawa unaimaliza, mashine bado inahangaika. Baadhi ya wazazi walishauri ziuzwe kama vyuma chakavu, wachange zinunuliwe mpya. Fedha za wazazi si za kuchezea, kwa hiyo sisi walimu tuliomba muda tuzichunguze kwanza.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo, na wengi huzichanganya. Diski ni kama kabati la vitabu: kilichowekwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Memori, yaani RAM, ni kama ule ubao wa mbao waliosomea wazee wetu chuoni. Somo la leo huandikwa juu yake, likishasomwa hufutwa. Ukizima mashine ubao wote unafutika, ndiyo maana kazi usiyoihifadhi hupotea umeme ukienda. Basi ubao ukiwa mdogo, mwanafunzi hufuta mstari mmoja na kukimbilia kabatini, anarudi, anafuta tena. Kompyuta nayo memori ikijaa huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ni ya polepole sana ikilinganishwa na memori.

Tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja tukatazama matumizi ya memori. Kila mashine ilikuwa na GB 2 tu. Windows 10 ya biti 64 inataka angalau GB 2 hizo hizo kwa ajili yake yenyewe! Mwanafunzi ataandika wapi?

Dukani tuliambiwa kuwa memori ni memori. Si kweli. Zetu ni za aina ya DDR3, zenye meno 240 na umeme wa volti 1.5. DDR4 ina meno 288 na volti 1.2, na kile kikato cha chini kiko mahali pengine, kwa hiyo haiingii, msiilazimishe. Za kompyuta za mkononi ni fupi zaidi. Tena, Windows 10 ya biti 32 haivuki GB 4, hata ukiiongezea nane.

Kazi ya kuzipachika haikufika nusu saa. Tulichomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, tukashika kila kipande kwa kingo zake, tukalinganisha kikato, tukasukuma mpaka vibanio vikalia. Kila mashine ikapata vipande viwili vya GB 4.

Nne zilibadilika siku ile ile. Tusidanganyane lakini: memori haikuzifanya mpya. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025, na prosesa zetu za zamani hazimo katika orodha ya Windows 11. Hilo linahitaji mazungumzo yake na wazazi.

Ya tano ilibaki nzito vile vile, memori ikiwa na nafasi tele. Ikawa inatoa mlio wa kukwaruza. Diski ndiyo inayokufa. Tumeiweka pembeni mpaka diski nyingine ipatikane, na wanafunzi wa zamu ya jioni wataendelea kukaa wawili wawili.