Kimbari, Halaiki na Ngome ya Chetambe

Mnamo Mei 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 11 Julai kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa Srebrenica. Azimio hilo liliandaliwa na Ujerumani pamoja na Rwanda, na ni huo ubia wa Rwanda uliozusha ubishi miongoni mwa walimu watatu waliokuwa wamekaribishwa chai kwa mzee mmoja wa Mumias.

Wa kwanza alishikilia kuwa misiba hiyo haiwekeki katika mizani moja. Srebrenica, mwezi Julai 1995, waliuawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000. Rwanda, mwaka 1994, waliangamizwa malaki ya watu kwa muda wa siku 100 hivi. Mwenzake alimjibu kwamba Mkataba wa mwaka 1948 hautaji idadi. Unachouliza ni nia: je, ilikusudiwa kuliangamiza kundi la watu, lote au sehemu yake, kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao? Ndiyo maana mahakama ya Arusha katika hukumu ya Akayesu, mwaka 1998, na ile ya The Hague katika hukumu ya Krstić, mwaka 2001, zilitamka kosa lile lile.

Ubishi huo ulikuwa pia wa lugha, ingawa wenyewe hawakulitambua hilo. Halaiki ni umati. Asemaye "mauaji ya halaiki" amekwisha kuhesabu maiti. Kimbari limetokana na mbari, yaani ukoo. Asemaye "mauaji ya kimbari" anauliza waliouawa walikuwa akina nani hata wakauawa. Waandishi wetu aghalabu huyatumia maneno haya kama visawe, na hasara yake si ndogo.

Mzee alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza, "Na Chetambe, wanangu, mnaiitaje?"

"Vile vilikuwa vita vya Wazungu, kuka," alijibu yule wa mizani.

Jibu hilo lina asili yake. Mwaka 1895 Hobley aliwashambulia Wabukusu huko Lumboka, kisha katika ngome ya Chetambe, juu ya Webuye. Na miongoni mwa waliofuatana naye walikuwamo Wawanga wa Nabongo Mumia. Vitabu vya historia vya shule vimelipasua tukio hilo vipande viwili: Wabukusu wamo katika sura ya upinzani, Wawanga katika sura ya ushirikiano. Mwanafunzi huzikariri sura zote mbili, akafaulu mtihani, pasipo kuwakutanisha muuaji na aliyeuawa katika ukurasa mmoja. Pengine Chetambe haistahili jina la kimbari. Hata hivyo, kulinganisha hakukuwa kosa la yule mwalimu; kosa lake lilikuwa kuzipima Srebrenica na Rwanda kwa makini hayo yote, na kwake nyumbani akaiweka mizani chini.

"Wazungu," mzee alirudia. "Na asubuhi ile walianzia safari wapi?"

Yule mwalimu alitazama nje, upande wa mjini. "Hapa," alisema.

"Mwongeze chai," mzee akamwambia mjukuu wake.