Televisheni ya baba mdogo



Juzi mwanangu ametoka shule akaniuliza: "Mama, mjadala ni nini?" Nikamwambia habari ya baba yangu mdogo na televisheni yake, kwetu Buyenzi, Bujumbura.

Televisheni ya taifa tulikuwa nayo tangu 1984. Mwaka 2008 ikaanza ya watu binafsi, Télé Renaissance, na usiku tukawa tunaona watu wanajadiliana mambo ya nchi. Majirani walikuja kwa baba mdogo baada ya chakula, wengine na vigoda vyao. Na umeme nao ukubali, maana siku nyingine unakatika pale pale mtu anapotaka kujibu! Basi mjadala tunaumalizia wenyewe gizani.

Kusifia hawakusifia sana. Bibi mmoja muuza ndagala alisema wanaongea Kifaransa makusudi ili sisi tusielewe (mtafsiri wake nilikuwa mimi). Mama yangu naye: "Wanaume watupu! Bei ya mafuta wanaijulia wapi?" Jirani yetu, mtu wa chama tawala, alisema ni kelele za wapinzani tu. Baba mdogo alimjibu kila usiku, na kila usiku yule jirani alirudi. Chai walikunywa chupa moja. Wakati ule niliwaona wazee wawili wasio na kazi.

Tarehe 13 Mei 2015 likatokea jaribio la mapinduzi, Rais Nkurunziza akiwa Dar es Salaam. Siku hiyo na iliyofuata vituo vilishambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Télé Renaissance, hata Rema FM ya upande wa serikali. Baba mdogo akawasha televisheni, chuya tupu kwenye kioo. Jirani hakuja. Kesho yake hakuja. Mwezi wa sita tukavuka mpaka bila kuagana naye.

Isanganiro na Rema zilifunguliwa tena 2016, Bonesha 2021. Waandishi wa Renaissance waliendelea kwa intaneti kutoka Kigali, mpaka 2021 Rwanda ikawasimamisha. Baba mdogo hakuyaona hayo ya mwisho, tulimzika hapa hapa kambini.

Mwaka jana mtu aliyetoka nyumbani alileta salaam za yule jirani. Anauliza: mzee bado anabisha?

Sijamjibu mpaka leo.