Wavuvi wa Laguna na Wenzao Pomboo

Kusini mwa nchi ya Brazil, katika jimbo la Santa Catarina, uko mji wa pwani uitwao Laguna. Hapo maji ya wangwa hukutana na bahari ya Atlantiki kwa mkondo mwembamba. Ifikapo miezi ya Mei na Juni, baridi inapoingia, makundi makubwa ya mkizi hupita hapo yakielekea kaskazini.

Wavuvi hujipanga mstari mmoja, maji yakiwafika kiunoni, kila mtu na kimia chake mkononi. Hakuna arushaye. Maji yale yana tope, na jicho la binadamu halioni samaki ndani yake. Pomboo naye hategemei macho: hutoa milio mifupi ya haraka, akasikiliza mwangwi wake, akajua kundi lilipo. Akisha kulipata hulisukuma kuelekea ufukweni, hata mkizi wakabanwa baina yake na mstari wa watu. Ndipo hupiga maji kwa kichwa, au hukunja mgongo na kuzama ghafula. Hiyo ndiyo ishara ingojewayo, na vimia hufunguka hewani.

Ngao ya mkizi ni wingi wao, kwani adui hushindwa kumchagua mmoja kati ya wengi. Wavu uangukapo, kundi huvunjika, na wanaotawanyika kwa hofu hukamatwa na pomboo. Basi hapana bwana wala mtumwa. Kila mmoja hula kwa sababu ya mwenziwe.

Kazi hii imerithiwa kwa zaidi ya miaka 140. Wazee huwafundisha vijana, na pomboo wachanga hujifunza kwa kuwafuata mama zao. Si pomboo wote washirikio. Mvuvi mzoefu huwatambua kwa alama za mapezi, huwaita kwa majina, na ajua yupi wa kumngoja.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba pomboo washirika wana nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 13, kwani hukaa karibu na wavuvi na mbali na nyavu haramu zinazowaua wenzao. Lakini utafiti huohuo ulionya kuwa mkizi wanapungua. Wakiadimika, pomboo watatafuta chakula kwingine, na vijana wataacha kushika kimia. Elimu hii haikuandikwa kitabuni. Ikikatika kwa kizazi kimoja, upande wowote, hapana wa kuirudisha.