Lugha ya Kuchora Kazi

Kila kazi ina lugha yake, wala sisemi juu ya maneno tu. Mfugaji wa huku kwetu Terrat, pembezoni mwa Jiji la Arusha upande wa kusini, hukata sikio la ng'ombe wake kwa namna ijulikanayo, na wenzake wakilitazama mnadani hujua mnyama ametoka kwa nani. Alama hiyo haisemi ng'ombe hutoa maziwa kiasi gani, wala ana umri gani. Haikukusudiwa hivyo. Ina neno moja la kusema, na mtu aweza kulisoma hata gizani kwa kupapasa.

Nayaandika haya kwa sababu ya sanduku. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama wengi na wanaume wachache, cha mtindo ule ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kisha ukaenea sehemu nyingi za Afrika. Kila mwanachama ana kijitabu. Hisa moja ni muhuri mmoja. Katika kikao mtu hununua hisa moja hadi tano, na nafasi zilizobaki wazi hukatwa kwa mstari pale pale, asije mtu akapachika muhuri baadaye. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi. Asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake kwa kidole. Ukitazama vizuri, msomaji, hiyo nayo ni lugha. Msamiati wake ni mdogo mno, lakini aina nyingi za wizi hazisemeki ndani yake.

Basi likazuka wazo la kuhamishia hesabu zetu kwenye programu ya simu. Sababu zilikuwepo: sanduku laweza kuibwa, na mwenye kulitunza nyumbani kwake hapati usingizi. Akaja kijana aliyesomea mambo ya kompyuta, mtu wa adabu na bidii, akabandika ukutani karatasi ya manila aliyoichora safari ya mkopo, tangu ombi hadi marejesho. Alitumia BPMN, lugha ya michoro ya kueleza taratibu za kazi, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013. Duara ni mwanzo, kisanduku chenye kona za mviringo ni kazi, mraba uliosimama kwa kona yake ni njia panda. Ni lugha pana, pengine pana kupita kiasi. Michael zur Muehlen na Jan Recker walichunguza michoro 120 na kutoa matokeo yao mwaka 2008: mchoro wa wastani ulitumia alama za aina 9 tu, chini ya sehemu moja ya tano ya msamiati uliokuwepo.

Wanachama waliutazama mchoro kwa heshima. Kijana akauliza kama wameelewa, wakaitikia ndiyo. Hapo ndipo penye ugumu wa kupima lugha za namna hii, maana kwetu mgeni aliyejitaabisha hajibiwi hapana. Wataalamu aghalabu huuliza maswali ya ufahamu, wakahesabu majibu sahihi na dakika zilizotumika. Si vibaya. Lakini bibi mmoja, ambaye wote twamwita koko, alitoa kipimo ninachokiona bora zaidi.

"Mjukuu wangu," alisema, "chora mwingine unaotuibia. Tuone kama tutamwona mwizi."

"Sawa, koko," kijana akajibu huku akicheka, lakini akachora. Katika mchoro huo wa pili mweka hazina aliidhinisha mkopo peke yake, kabla ya kikao. Mshale mmoja tu ndio uliohama. Tulikaa tukiutazama, mwenye shule na asiye na shule, na hakuna aliyeng'amua mpaka tulipoonyeshwa. Kisha akachora kwa alama tulizomtajia sisi: sanduku, funguo tatu, muhuri, kijitabu. Safari hii akauficha ufunguo mmoja. Hajashusha kalamu, sauti zikapaa: "Wa tatu uko wapi?"

Mtu mkali atasema jaribio halikuwa la haki, kwa kuwa wizi haukuwa ule ule. Ni kweli, nami nilimwomba aurudie ule wa mweka hazina kwa alama zetu. Ukaonekana vile vile, kwani fedha zilitoka na sanduku limefungwa.

Siidharau BPMN. Mwandishi wa programu anahitaji kueleza mengi ambayo mihuri haiyawezi, na kijana aweza kuutafsiri mchoro wetu kwenda katika lugha yake. Ila ule utakaopigiwa kura na wanachama uwe huu wa funguo.

Tulikubaliana kwamba funguo tatu zingekuwa namba tatu za siri. Koko akauliza tena: "Kufuli zikifunguliwa sote tunatazama. Watazamaji umewaweka wapi?" Kijana akachora jicho. Alama hiyo tuliielewa mara moja, lakini watu watatu waweza kubonyeza namba zao mmoja akiwa Terrat, mwingine soko la Kilombero, wa tatu kwa mwanawe Moshi. Programu itajuaje kwamba wengine walikuwa wakitazama? Kijana ameondoka na swali hilo, na fedha zingali sandukuni.