Jino la kunyooshea mshale

Ukishuka kutoka Karatu mjini kwenda Mang'ola, ubaridi unakuacha njiani. Mashamba ya ngano yanabaki juu, vumbi linaanza kuingia garini hata mkifunga vioo, na mbele yenu linatokea bonde lenye mibuyu, mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa maji ya chemchemi, na kwa mbali weupe wa Ziwa Eyasi. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya weupe huo si maji, ni chumvi iliyobaki baada ya maji kukauka.

Huku, na upande wa pili kule Yaeda wilayani Mbulu, ndiko waliko Wahadzabe. Idadi yao inakadiriwa kuzidi 1,000 kidogo, na wapo miongoni mwao ambao hadi leo wanapata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi.

Mimi sikwenda kuangalia mishale. Nilikwenda kuandika habari za meno, nikiwa nimefuatana na timu ya huduma ya mkoba ya afya ya kinywa. Tuliweka meza chini ya mbuyu, tabibu akavaa glavu, watu wakaanza kujipanga.

Mtu wa nne alikuwa baba wa makamo, upinde mkononi, shavu la kushoto limevimba. Tabibu alimulika tochi mdomoni, akagonga gego dogo la juu, baba akaruka.

"Mzee wangu, hili limeshaoza hadi kwenye mzizi. Tuling'oe leo."

Baba akafunga mdomo. Akafikiri. Kisha akauliza kwa Kiswahili kizuri tu: "Nikilitoa hili, mishale nitanyoosha na nini?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na mtoto mgongoni, ndiye aliyetufumbua macho. "Tangu jino lianze kumsumbua hanyooshi vizuri. Mara mbili amerudi mikono mitupu. Kanga alikuwa karibu hivi, mshale ukapita." Akaonyesha umbali wa kutoka mezani kwetu hadi kwenye gari.

Tabibu akavua glavu. "Hebu tuonyeshe, mzee."

Akatupeleka kwenye moto wao, hatua chache tu kutoka pale. Kulikuwa na fimbo za mkole zilizokatwa zikiwa mbichi na kumenywa maganda, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita moja. Alichukua moja, akaipitisha juu ya makaa huku akiizungusha ili isiungue. Ilipopata joto akaing'ata kwa meno ya pembeni, akashika ncha zake mbili na kuikunja taratibu kinyume cha pindo. Akaitoa mdomoni, akafumba jicho moja na kuitazama kwa urefu, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Akairudisha motoni. Akang'ata tena. Safari hii alikunja uso kwa maumivu, akaiweka chini.

Kumbe meno ndiyo jiliwa lake. Mikono miwili inakunja, meno yanashika mahali palepale penye kasoro. Na kazi hiyo haina mwisho. Mti ukinyeshewa hupinda, ukipigwa na jua hupinda, mshale ukigonga jiwe hupinda. Ndiyo maana ukiwakuta wanaume wa Kihadzabe wamepumzika kivulini, mara nyingi utaona mmoja ana mshale mdomoni.

Nikamuuliza kama kunyooka peke yake kunatosha. Akatikisa kichwa, akaniwekea miti miwili mkononi niikunje. Mmoja ulikuwa mlaini, wa pili mgumu. "Huu wa mtoto," alisema kuhusu ule mlaini. "Kwa upinde wangu utacheza sana, hautafika. Huu mwingine ni mnene, nitaukwangua kwa kisu." Upinde wake niliujaribu. Sikuweza kuuvuta hata nusu.

Alichokuwa akinieleza ndicho kinachowahangaisha wapiga mishale wa michezo huko Ulaya na Marekani, wanaonunua mishale ya kaboni kiwandani. Upote unapoachiwa, mshale hauondoki ukiwa umenyooka kama tunavyodhani. Husukumwa kutoka nyuma, hupinda, huuzunguka upinde kama samaki anavyojikunja majini, halafu hujinyoosha hewani. Ugumu wa uti lazima uendane na nguvu ya upinde. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mlaini kupita kiasi huelekea kulia, na mgumu kupita kiasi huelekea kushoto. Mishale ya kaboni huandikwa namba ya ugumu. Mwenye nayo huikata urefu au hubadilisha uzito wa kichwa, kisha hujaribu kuirusha bila manyoya ili aone kosa lake. Baba huyu hana namba. Ana moto, kisu, jicho na meno.

Turudi kwenye jino. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinywa vya Wahadzabe, wakaonyesha kwamba hata wanaume wanaoishi porini, mbali na sukari ya dukani, walikuwa na meno mengi yaliyotoboka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni asali na tumbaku. Hivyo jino la mzee huyu halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba sisi wote pale mezani tulimuuliza panauma wapi, lakini hakuna aliyemuuliza jino hilo analifanyia kazi gani.

Nilimkumbuka mama yangu. Ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amekuwa akikata uzi kwa meno ya mbele hadi moja likapata pengo dogo. Amekwenda kwa madaktari zaidi ya mara moja, na hajawahi kuulizwa anafanya kazi gani. Naye hakuwahi kusema. Wapo maseremala wanaobana misumari kwa meno, na wapo akina baba wanaofungua chupa za soda kwa meno ili watoto wacheke. Ukienda kutibiwa, sema unachokifanya, hata usipoulizwa.

Tabibu alimkagua upya. Magego ya kulia yalikuwa mazima, ila yamejaa ugaga. Akayasafisha, kisha akamwambia ukweli: jino bovu likibaki usaha utasambaa, na baada ya hapo hatanyoosha chochote. La kushoto litoke, ajifunze kung'atia kulia. Baba akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Nimekwambia tangu masika." Jino likang'olewa.

Masharti yalikuwa yaleyale ya kila mtu: kung'ata pamba kwa nusu saa, na kwa saa 24 asisukutue, asiteme kwa nguvu, asivute kiko. Na asinyooshe mishale kwa siku kadhaa. Sharti hili la mwisho tabibu aliliongeza mwenyewe, nami sijalikuta kwenye kipeperushi chochote.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, tulipita kumwona. Uvimbe ulikuwa umepungua. Alikuwa amekaa, na mbele yake kijana wake wa miaka kama 12 alikuwa na mti mdomoni. Watoto wa kiume huku hupewa upinde mdogo wakiwa na umri wa miaka mitatu hivi, lakini kumnyooshea baba mishale ya upinde mkubwa ni jambo jingine.

Kijana alirusha wa kwanza kuelekea kwenye kisiki. Ukaenda pembeni, ukapotelea vichakani. Akaukimbilia. Baba akaupokea, akafumba jicho moja, akaweka ukucha wa kidole gumba mahali fulani kwenye mti. Hakusema neno. Kijana akaurudisha motoni, akang'ata palipokuwa na ukucha.

Mara ya tatu mshale uligonga kisiki na kubaki hapo ukitetemeka. Mama yake, aliyekuwa akichoma mizizi, hakuinua hata kichwa.

"Bado mingine sita," alisema. "Na mchana tunataka kula."